Mraba wa Sentimita Kumi

Kila Jumamosi asubuhi Anaïs alifagia chumba, akafungua dirisha lililotazama barabara yenye makelele ya teksi, kisha akawasha kompyuta ya mama yake. Mama Colette alikuwa fundi wa nguo, akijulikana na Wakongomani wengi wa katikati ya Durban. Siku hizi patroni, yaani zile karatasi za kukatia nguo, alizichora kwa programu ya kompyuta. Kuchora alichora mwenyewe. Kuzipeleka zikachapishwe ilikuwa kazi ya Anaïs.

Jumamosi hiyo kazi haikuwa ya mchezo. Yaya Estella, kama walivyomwita kwa heshima dada mmoja wa kanisani kwao, alikuwa anaolewa wiki iliyofuata. Kitenge cha gauni lake aliachiwa na marehemu mama yake huko Bukavu. Kilitosha gauni moja tu, basi. Madukani hakipo tena, na aliyekinunua naye hayupo.

Anaïs alishuka hadi kwa Peguy, mwenye duka la simu na la kuchapisha. Karatasi ya kwanza ilitoka mistari ya pembeni imekatika. Peguy akauliza: abaki na kipimo halisi na kutafuta karatasi kubwa zaidi, au apunguze mchoro uenee kwenye hizi ndogo? Anaïs akasema apunguze, mradi mistari yote ionekane. Peguy alimwonyesha mraba mdogo uliochorwa kwenye patroni, akamwambia aupime. Ukiwa na sentimita kumi kamili, mambo sawa. Ukipungua, ujue patroni yote imepungua.

Lakini rafiki yake Diane na wenzake walikuwa wanamngoja nje wakafanye mazoezi ya dansi ya arusi. Mtoto wa watu miguu ilishaanza kucheza. Hakupima.

"Umepima mraba?" Mama aliuliza alipopokea karatasi.

"Nimepima, Mama."

Uongo ukamtoka bila hata kukwama, naye akakimbilia dansi.

Aliporudi alasiri, kitenge kilikuwa kimetandazwa mezani, patroni imebanwa juu yake kwa pini. Yaya Estella alikaa kando, akikipapasa kitambaa taratibu. Mama alikuwa anatafuta chaki. Anaïs alichukua futi ya fundi, akaiweka kwenye mraba kimyakimya. Tisa na nusu. Akapima tena. Tisa na nusu ile ile.

Alijipa moyo kwamba nusu sentimita si kitu. Tena akisema, ataonekana mwongo mbele ya mgeni. Mama akarudi na chaki, akachora, akashika mkasi. Mkasi ukafunguka, ukagusa ukingo wa kitenge.

"Mama, usikate!" Anaïs alisema. "Sikupima. Nilikudanganya. Mraba ni tisa na nusu."

Yaya Estella alisimama, akakikumbatia kitenge pamoja na pini zake. Mama aliweka mkasi chini polepole.

"Eish, Anaïs. Kifua cha dada yako ni tisini na sita. Gauni lingetoka tisini na moja. Lisingefunga."

Hakumgombeza. Mama na binti walishuka wote wawili kwa Peguy kabla hajafunga duka. Safari hii alichapisha kwa kipimo halisi, kwenye karatasi kubwa. Njiani kurudi Mama ndipo aliposema.

"Karatasi ikiharibika tunachapa nyingine, mwanangu. Kitenge kile hakina kingine. Mkasi wangu ulikuwa unafuata neno lako. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo umeuziba kwa aibu, lakini umeuziba. Kosa lolote utakalofanya niambie mapema, kabla sijashika mkasi."

Nyumbani Anaïs alipima mraba upande huu, akapima na upande ule. Yaya Estella alikiachia kitenge kwa shingo upande. Mama akabana patroni mpya, akashika mkasi.

"Umepima?"

"Nimepima, Mama. Kumi kamili."

Futi ilikuwa pale pale mezani. Mama hakuigusa. Akakata.