Vidole vya Bibi Tencha

Kila siku akitoka shule, Delmi alipitia kibandani kwa bibi yake, akavaa aproni na kuanza kukatakata kabichi. Bibi Tencha alikuwa mbele ya bamba la moto akitengeneza pupusa. Alijaza jibini kwenye donge la unga wa mahindi, akalipigapiga viganjani hadi likawa duara, kisha akaligeuza motoni kwa vidole vitupu. Wapishi wote wa mji wa Olocuilta hugeuza hivyo, ila wao hupuliza vidole. Bibi Tencha alitulia tuli.

"Mama Tencha, hivyo ni vidole au misumari?" wateja walimtania.

"Miaka arobaini! Moto wenyewe unaniamkia shikamoo."

Delmi alijivunia vidole hivyo hata shuleni.

Jumanne moja alisikia harufu ya kuungua. Haikuwa ya jibini. Kidole cha bibi kilikuwa kimelala juu ya bamba, naye anapiga soga na mteja.

"Bibi, kidole!"

Bibi alikiondoa, akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Hata sikusikia," alisema. Kisha akanong'ona, "Usimwambie mama yako. Tangu niambiwe nina sukari hanipi nafasi ya kupumua. Atafunga kibanda."

Delmi aliahidi. Siku nne alinyamaza, huku kidonda kikivimba na kutoa usaha. Alimwona bibi akikung'uta mkono kila asubuhi, akishindwa kufunga vifungo vya blauzi, akiangusha vikombe. Bado alishika ahadi.

Jumamosi alitaka kuonyesha kuwa yeye ndiye mrithi wa kazi ya bibi. Akanyoosha mkono, akageuza pupusa kwa vidole. Yowe alilopiga lilisikika hadi barabarani! Bibi alimtumbukiza mkono kwenye maji.

"Mimi nimegusa mara moja tu," Delmi alisema akilia. "Wewe huumii kwa nini?"

Bibi alivigeuza vidole vyake, akavitazama. Hapo Delmi aliogopa kwelikweli, na jioni ile alimweleza mama yake yote.

Jumatatu, kwenye zahanati, muuguzi Orellana alimwambia bibi afumbe macho. Akamgusa kidole gumba kwa pamba, kisha cha shahada, kisha cha kati.

"Haya, anza basi," bibi alisema.

Delmi alijiuma mdomo. Bibi alishtuka pamba ilipofika kidole cha mwisho tu.

"Mama, sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu," muuguzi alisema. "Mshipa wa vidole hivi hupita kwenye njia nyembamba hapa kwenye kifundo cha mkono. Wenye sukari hubanwa hapo upesi, na kazi yako ya kupigapiga unga imeongeza tatizo. Kidonda hiki kingekaa wiki nyingine, tungezungumza habari ya kukata kidole."

Bibi alimtazama mjukuu wake.

Alirudi kibandani baada ya wiki sita. Kidonda kimepona, sukari imeshuka, usiku analala na gango kifundoni. Gumba limeanza kusikia tena, kidogo. Mkononi alishika mwiko bapa wa chuma.

"Ala, Mama Tencha! Siku hizi unaogopa moto?" mteja mmoja alimtania.

"Naogopa, tena sana," alijibu. Kisha akamgeukia Delmi. "Nilikukasirikia ulipotoboa siri yangu. Nilidhani kutosikia maumivu ni ushujaa, kumbe mkono ulikuwa unakufa. Mtu akikuomba ufiche ugonjwa wake, mjukuu wangu, usimfichie. Hata akiwa mimi."

Akampa mwiko. "Geuza hiyo, isiungue."