Pete ya Shaba

Honi ililia wakati betri iko sakafuni. Fundi umeme alichomoa kichwa kwenye boneti, akamkazia macho mkewe aliyeketi nyuma ya usukani.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, baba watoto. Mikono yangu hii hapa mapajani."

Fundi akasonya. Gari lilikuwa la mkewe, kuukuu, la kusambazia mikate. Honi ilikuwa imekufa kwa sababu pete ya shaba ndani ya usukani, ile inayopitisha umeme usukani unapozunguka, ilikuwa imelika mpaka ikawa nyembamba kama ukucha. Mpya haikupatikana. Basi yeye, mjuaji wa mtaa mzima, akachomoa nyingine kwenye gari bovu lililokuwa nyuma ya karakana. Mjane aliyewauzia lile gari alisema waziwazi wachukue wanachotaka, ila vya kwenye usukani waviache humo humo, maana vina mwenyewe. Mkewe alimkumbusha asubuhi ile. Akajibiwa kwamba majini hawajui umeme.

Alirudisha betri, akaifunga. "Haya, bonyeza!"

Honi ikalia.

"Achia!"

Haikukoma. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa karakana.

"Siwezi," mkewe alinong'ona. "Kuna mtu ameishika mikono yangu kwa juu. Anaifinya."

Fundi alimvuta mabega, akamvuta tena, akang'oa waya za betri kwa pupa hadi akajichana kiganja, lakini honi iliendelea kulia, na huko barabarani watu walipita juani wakipiga soga zao kana kwamba hawaisikii, na kucha za mkewe zikaanza kuwa nyeusi, moja baada ya nyingine, huku sauti yake ikififia na ile ya honi ikizidi kufanana na kilio cha mwanamke aliyezibwa mdomo.

"Inanivuta ndani," alisema kwa shida. "Irudishe ilikotoka. Nzima, mume wangu. Usiivunje, nakusihi."

Kisha mikono yake ikaachia, kichwa kikaanguka kifuani. Honi ikanyamaza.

Fundi aliufungua usukani, akaitoa pete. Pete ilikuwa ya moto, nayo ilikuwa inalia, kwa sauti ndogo, kiganjani mwake. Hatua chache tu zilimtenga na lile gari bovu. Lakini alimwona mkewe amelala pale bila fahamu, na hasira ikampanda. Alikuwa na hasira za karibu tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumtisha akaondoka salama.

"Kwa mke wangu? Mshenzi mkubwa wewe!"

Akaiweka pete juu ya chuma, akashika nyundo. Pete ilipiga ukelele. Akaiponda, akaiponda tena, mpaka kilio kikakatika katikati.

Mkewe akafumbua macho. Fundi alitupa nyundo, akamkumbatia, akalia kama mtoto bila kuona haya.

"Umepona, mke wangu?"

"Nimepona." Alimpapasa mgongo taratibu, kama anayepima kitambaa. "Asante kwa kunitoa. Nilichoka kukaa humo."

Fundi alitaka kujitoa, lakini ile mikono ilimkaza.

"Alikulilia sana yule," alimnong'oneza sikioni. "Mbona hukumrudisha mzima, kama alivyokusihi?"