Kijiko Kilichovuka Mpaka

"Batiste, usiniambie Jumapili ijayo! Hiyo Jumapili ijayo naisikia tangu mwaka juzi!"

"Empar, kipenzi, nisikilize. Mgahawa umejaa pomoni. Yule mtalii aliyetusifia mtandaoni ametuletea mafuriko. Nifanyeje, niwafukuze?"

"Baba ameshakata kuni za michungwa. Mama ameagiza sungura. Kesho ulikuwa uje mkae mezani, utaje tarehe ya arusi, basi. Sikuambii uje na mchungaji wala padri, kutaja tarehe tu!"

"Nitaitaja. Nani kasema sitaitaja?"

"Lini? Nikishaota mvi?"

"Tutaongea jioni. Nakupenda. Wateja wananiita."

Akakata simu. Mimi nikabaki nimesimama chini ya mnara wa kanisa kuu, hapa kwetu Valencia, simu mkononi. Pembeni yangu wageni wangu wawili kutoka Norwei, Mzee Oddvar na mkewe Torill, walikuwa wanasubiri niwaambie kitu kuhusu ule mnara.

"Ni mrefu," nikawaambia. "Twendeni."

Kazi yangu ni kutembeza watalii, na siku hizi kazi hiyo imekuwa ya kuchosha roho. Mtu anashuka kwenye ndege tayari ameshaambiwa na simu yake apande mnara gani, apige picha soko gani, ale nini na asimame wapi wakati anakula. Nikisema tupite kichochoro hiki, kuna bibi anakaanga vitu vya ajabu, naambiwa hakipo kwenye simu. Wanalipa ili niwaonyeshe kile ambacho wameshakiona!

Lakini hilo ningelivumilia. Lililokuwa linanimaliza ni Batiste.

Uchumba wetu ulikuwa na miaka saba. Batiste ni mpishi, mkono wake kwenye wali wa paella hauna mshindani, na zamani kila Jumapili alikuwa anakuja kula kwa wazazi wangu kule mashambani. Kwetu paella ya nyumbani haipakuliwi. Kikaango kinawekwa katikati ya meza, kila mtu anashika kijiko chake cha mti na kula mbele yake, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Kuvuka upande wa mwenzio ni ukosefu wa adabu. Mtu mmoja tu nimemwona akivuka maisha yangu yote, naye ni Mama. Anapeleka kijiko upande wa Baba, anachokonoa ukoko, anarudi zake. Baba hata hasemi.

Siku moja nami nikajaribu kwa Batiste. Ukoko wake ulikuwa umekauka vizuri, rangi ya asali. Akakipiga kijiko changu kwa chake, ko!

"Mpaka ni mpaka, Empar. Ukishakuwa mke wangu utavuka."

Meza nzima ikacheka. Nami nilicheka. Tangu siku hiyo nikawa naisubiri hiyo siku ya kuvuka.

Basi mchana ule tuliketi kunywa horchata, kile kinywaji chetu cheupe cha baridi. Torill akaniangalia.

"Empar, mbona umenuna? Ni kwa sababu tulikwambia tumekula paella usiku?"

"Mlikula wali usiku? Nani aliwaambia mle wali usiku?"

"Simu," akasema Mzee Oddvar, bila aibu. "Ilisema hapo panafaa kwa chakula cha jioni. Shemeji yetu Ragnhild hajainuka kitandani mpaka sasa."

"Mnaona! Wali ni wa mchana, jamani. Hapa hata mlevi hali wali usiku!"

Wakacheka mpaka mzee akapaliwa. Torill akanisogezea simu yake.

"Kesho hatukosei tena. Kesho tunaenda kwenye kitu kilichosifiwa kuliko vyote. Hebu soma."

Nikasoma.

"Achana na minara. Achana na makumbusho. Jumapili nenda ukale kwa Batiste na mkewe Fina, nyumbani kwao katikati ya mashamba. Wanapika pamoja, wanataniana, wanapendana. Utatoka pale unataka kuoa upya."

Chini yake kulikuwa na picha. Nyumba nyeupe, meza chini ya mzabibu, na mwanamume amemkumbatia mwanamke kiunoni. Nikajiambia, ma-Batiste wako wengi katika mkoa huu. Nikaivuta picha karibu. Mkononi mwa yule mwanamume kulikuwa na kovu la mafuta ya moto, na dawa ya lile kovu niliipaka mimi kwa mkono wangu.

"Wazuri, eeh?" akasema Torill.

"Sana," nikasema.

Nikamwandikia Batiste ujumbe: "Kesho mchana uko wapi?"

Akajibu hapohapo: "Mgahawani, kipenzi. Siku ngumu. Niombee."

Nikaandika: "Nitakuombea."

Kisha nikamgeukia Torill. "Huyo shemeji yenu kesho ataweza kwenda?"

"Kwa hali ile? Hata uji haujashuka."

"Basi nafasi yake nitaikalia mimi."

Usiku ule usingizi haukuja. Asubuhi nikamtumia Mama ujumbe: "Nitachelewa kidogo. Msinisubiri kuwasha moto."

"Na Batiste?" akauliza.

"Nitakuja na jibu lake."

Wageni hula mapema. Sisi tunakaa mezani saa tisa, wao saa saba wanadai wanakufa njaa. Kwa hiyo saa saba kasoro nilikuwa nashuka kwenye teksi na Wanorwei wangu, mbele ya nyumba ileile nyeupe. Kulikuwa na wageni wengine tayari, wanajipepea na kofia. Mwanamke wa kwenye picha akaja mbio na mikono miwili imefunguliwa.

"Karibuni, karibuni nyumbani kwetu! Mimi ni Fina. Mume wangu yuko motoni, msimsumbue, akikasirika anatia chumvi mara mbili!"

Wageni wakacheka. Mume wangu! Lilimtoka kilaini kabisa.

Nikapita moja kwa moja mpaka kwenye moto. Batiste alikuwa ameinama anapanga kuni. Aliponiona, rangi ilimtoka usoni.

"Empar!"

"Ndiyo huu mgahawa umejaa pomoni?"

"Ongea polepole. Wageni..."

"Wageni hawajui Kivalencia. Ongea. Nani huyu?"

"Ni mfanyakazi mwenzangu. Empar, nakuapia, hii ni kazi tu! Nyumba tumepanga. Watalii hawataki kula kwa mpishi, wanataka kula kwa mume na mke. Ukiwaambia ni mume na mke, wanakuja. Ni maigizo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Kwa nini mke wa kuigiza asiwe mimi? Niko hapa, nina mdomo, lugha za wageni nazijua!"

"Wewe? Wewe ungewagombeza, Empar! Mtu akiuliza kama unatia soseji kwenye paella ungemtia yeye motoni!"

Jamani, nilitaka kucheka. Kweli ningemtia. Akaniona nimelegea, akanishika mkono.

"Nilitaka iwe habari njema ya ghafla. Nikishatulia kidogo, naacha mgahawa, tunafunga arusi, halafu hapa tunakaa mimi na wewe. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia. Kaa ule. Ukimaliza tutaenda wote kwa Baba, leo hii hii, nitaje tarehe."

"Leo?"

"Leo."

Nikamwamini. Ndiyo, nikamwamini! Nilitaka kumwamini, na anayetaka kuamini hahitaji ushahidi mwingi. Nikaenda kukaa karibu na Torill, moyo umeanza kushuka.

Paella ikaja mezani, imebebwa na Batiste na Fina, kila mmoja ameshika mkono wake wa kikaango. Sungura, kuku, maharage mapana meupe, harufu ya moshi wa mchungwa. Wageni wakapiga makofi na picha. Batiste akaketi, Fina akaketi ubavuni pake, vijiko vya mti vikagawiwa, na watu wakaanza kuchota hovyohovyo huku na kule. Sikuweza kuvumilia. Kazi ni kazi.

"Hapana, hapana, wapendwa! Kila mtu anakula mbele yake. Anzeni ukingoni, muende katikati. Usichopenda, kisukume katikati, mwingine atakichukua. Ila kuvuka kwa jirani ni marufuku."

"Marufuku kabisa?" akauliza Torill. "Hakuna anayeruhusiwa?"

"Mke," nikasema. Nikamtazama Batiste, nikamtabasamia, nikikumbuka neno lake. "Mke tu ndiye anavuka."

Batiste akainamia wali wake. Fina alikuwa anamsimulia bwana mmoja mwenye kofia habari za maji ya mashambani, uso wote kaugeuzia upande wa pili. Alikuwa hatusikilizi. Na huku anaongea, bila kutazama, mkono wake wa kulia ukaenda upande wa Batiste. Kijiko kikapita kwenye wali, kikagusa chini, kikachokonoa ukoko, kikarudi mdomoni. Akaendelea na hadithi yake, anatafuna.

Na Batiste akasogeza kijiko chake kumpisha.

Hakumpiga ko. Hakusema mpaka ni mpaka. Alimpisha kama Baba anavyompisha Mama.

"Aa!" akasema Torill kwa furaha, akinyoosha kidole. "Kama hivyo!"

"Ndiyo," nikasema. "Kama hivyo."

Nikaweka kijiko changu chini.

"Batiste. Ni tangu lini?" nikamuuliza kwa Kivalencia.

"Empar, tafadhali. Nimekuambia ni maigizo."

"Maigizo yana watazamaji. Huyu alikuwa anatazama kule, wewe unatazama chini, na wageni hawakujua maana yake mpaka nilipowaambia mimi sasa hivi. Hicho kijiko mlikuwa mnamwigizia nani?"

Alichota wali, akaurudisha kikaangoni.

Fina akageuka. Alikuwa ameelewa kila neno, maana yeye ni wa hapahapa. Akanitazama, akamtazama Batiste.

"Huyu ndiye Empar?"

"Unanijua?" nikamuuliza.

"Aliniambia mliachana. Aliniambia mliachana tangu sherehe za Machi, na kwamba wewe ndiye hutaki kukubali, unampigia simu kila siku."

"Jana alinipigia nikiwa chini ya mnara, akaniambia ananipenda."

"Jana?" Fina akaweka kijiko chake pia, taratibu, ukingoni mwa kikaango. "Jana saa ngapi? Maana jana mchana tulikuwa wote hapa tunatengeneza meza. Alisema anampigia mama yake."

"Fina, nitakueleza," Batiste akasema.

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Mimi utanieleza lini? Jumapili ijayo?"

Mezani wageni walikuwa wanatabasamu, wanatuangalia kwa zamu. Walidhani ndiyo ule utani wa mume na mke waliousoma kwenye simu. Yule bwana mwenye kofia alikuwa anapiga picha. Mzee Oddvar peke yake aliendelea kula, mstari wake umenyooka barabara, hajavuka hata punje.

Nikasimama. Batiste akanifuata mpaka getini.

"Empar, ngoja! Miaka saba unaitupa kwa sababu ya kijiko?"

"Miaka saba nimeomba kuvuka, Batiste. Ukaniambia nisubiri niwe mke wako kwanza. Yeye hakukuomba hata siku moja."

"Nitaitaja tarehe! Twende sasa hivi, naitaja mbele ya Baba yako!"

"Baki hapa. Wageni wako wana njaa, na mkeo hana raha."

Nililia? Sikulia. Kwenye teksi nilikuwa na hasira tu, hasira ya mtu aliyesubiri foleni mchana kutwa akaambiwa dirisha limefungwa. Nilijichukia kwa kila Jumapili niliyomtetea kwa wazazi wangu. "Ana kazi nyingi, Mama." "Watalii, Baba, unajua tena watalii." Mdomo huu huu!

Nilifika nyumbani saa tisa inagonga. Kikaango kilikuwa kimeshatua mezani. Mama alikuwa ameweka vijiko vinne.

"Uko peke yako?" akauliza.

"Niko peke yangu."

"Amesema atakuja lini?"

"Hatakuja, Mama. Ana mwanamke mwingine. Nimewaona kwa macho yangu."

Mama akaziba mdomo. Baba, ambaye si mtu wa maneno, akaegemeza koleo la moto ukutani, akaja mezani, akachukua kijiko cha nne akakirudisha kwenye droo. Kisha akavuta kiti changu.

"Kaa ule. Wali ukipoa hauna mwenyewe."

Tukakaa. Kila mtu akala mbele yake. Simu yangu ikaita, jina la Batiste likawaka, ikanyamaza, ikaita tena. Nikaizima. Ilisikika mti ukikwaruza chuma tu.

Halafu Mama, macho yake yakiwa dirishani, ananifikiria mimi bila shaka, akapeleka kijiko upande wa Baba. Akachokonoa ukoko. Baba akasogeza chake kumpisha, hakuinua hata macho.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kama mtoto, mdomo umejaa wali.

Baba akanitazama kidogo. Akachimba chini upande wake, akang'oa kipande kizima cha ukoko, kile kikubwa cha rangi ya asali, akavuka nacho kikaango chote mpaka mbele yangu, akakiweka.

"Kula, mwanangu," akasema. "Huo ni wako."