Jina la Mtoto wa Ziwa Ndulilo

Kwenye ukuta wa kioo wa chumba cha ulinganishi, mtoto mmoja alikuwa akizama mara tano kwa wakati mmoja. Katika masimulizi ya mdomo alizama ndani ya sauti za akina mama. Katika mchezo wa redio alizama kwa mlio wa ndoo ya maji iliyomwagwa karibu na kinasa sauti. Kitabuni alizama kwa mistari miwili na nusu, kwenye katuni alizama akiwa ameinua mkono mmoja, na kwenye filamu alizama polepole mno, muziki ukilia, mpaka mtazamaji akatamani azame tu yaishe. Mfinyanzi alikuwa akiyatazama matoleo yote matano pamoja bila kupepesa, maana hakuwa na macho ya kupepesa.

Mfinyanzi alikuwa akili ya mashine, na alitengenezwa jijini Mbeya kwa kazi moja. Alichukua hadithi iliyokwisha kupita mikono mingi, akachambua kilichobadilika na kilichobaki, halafu akaifinyanga upya iwe maono. Maono hayakusomwa wala kutazamwa. Mtu alivaa kilemba-hisi, kitambaa chepesi kilichofumwa kwa nyuzi za umeme, na hadithi ikamwingia moja kwa moja kichwani. Ikitajwa baridi ya ziwa, miguu yake iliingia ganzi hapo alipokaa. Watoto wa siku zile hawakujua tena kwamba hadithi iliwahi kuwa kitu cha kukaa chini na kusikiliza.

Aliyemwongoza Mfinyanzi asubuhi hiyo alikuwa Dokta Gwantwa Mwasulama, mlinganishi mkuu wa Jumba la Masimulizi. Hadithi aliyompa ilikuwa ya nyumbani kwao hasa, kando ya Ziwa Ndulilo, ziwa dogo lililojaa kwenye shimo la mlima wa moto uliolala zamani. Inasimulia juu ya msichana ambaye mdogo wake alichukuliwa na watu wa majini. Msichana anawafuata mpaka chini ya ziwa, ananyoa nywele zake na kuwapa, nao kwa kuzipenda wanamruhusu arudi ufukoni na kumwita ndugu yake kwa jina. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe, nayo haikuwa ndefu.

Namna ilivyobadilika ndiyo iliyompatia Gwantwa udokta. Redio ilianza kwa kumpa mtoto jina moja la kudumu, Lindu, kwa sababu waigizaji walihitaji jina la kuitana. Kitabu cha shule kilifuta kunyoa nywele, kikaweka maswali mwishoni. Katuni ilimpa dada mkuki, sijui wa kumchoma nani, maana watu wa majini hawana mwili wa kuchomeka. Halafu ikaja filamu, na filamu ilikuwa na wadhamini, na wadhamini hawapendi watazamaji watoke ukumbini wakilia. Basi kwenye filamu Lindu akatoka majini akicheka, na kijiji kizima kikacheza ngoma.

Katika masimulizi ya mdomo mtoto hatoki. Wala haitwi Lindu.

Ndulilo palikuwa na desturi ambayo wageni waliielewa kwa shida. Aliyechukuliwa na ziwa hakuchimbiwa kaburi, na jina lake halikutajwa tena sebuleni, shambani wala kanisani. Jina hilo liliachiwa mahali pamoja tu, ndani ya hadithi. Kila nyumba iliyopotelewa ilimpa mtoto wa hadithini jina la mtoto wake. Msimulizi akifika ufukoni alimwita kwa jina hilo, akanyamaza, na wote waliokaa pale wakaitika kwa niaba yake, "Nipo." Akaita tena, wakaitika tena, na hadithi ikaishia hapo. Watu walikwenda kulala wakiwa wamemzika na kumtembelea kwa pamoja.

Mama yake Gwantwa, Bibi Sekela, aliita Ambilikile. Alikuwa mdogo wake Gwantwa wa pekee, aliyeteleza kwenye mawe ya ziwa akifuata bata wake wa kuchezea, aliyetengenezwa kwa gome la mgomba. Gwantwa alikuwa amekaa pale pale akisuka ukili, akamwambia asiende mbali, akaendelea kusuka. Kumbukumbu za serikali zilikuwa na Petro, jina la ubatizo ambalo hakuna aliyewahi kumwita nalo. Ambilikile alikaa hadithini tu, na Gwantwa aliitika "Nipo" utoto wake wote, kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Sauti ya mama ilikuwa mojawapo ya masimulizi ya mdomo aliyoyarekodi mwenyewe milimani. Asubuhi ile aliisikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi kwa kiganja, kisha akarudi kwenye kazi. Mfinyanzi alikuwa anauliza swali. Kuhusu jina la mtoto, alisema kwa ile sauti yake ya upole isiyo na umri, masimulizi ya mdomo yalikuwa yanatofautiana yote, wala hakuna jina lililojirudia. Kuanzia redio mpaka filamu jina lilikuwa moja. Achukue lipi?

Walinganishi wana kanuni yao, na wanafunzi huikariri mwaka wa kwanza: kinachojirudia ndicho hadithi, kisichojirudia ni kelele. Kanuni hiyo ilikuwa imemsaidia Gwantwa kuondoa vikohozi, mbwa waliobweka nje, bibi waliosahau wakarudia mwanzo. Aliona vibaya kidogo kuitumia hapa. Lakini aliona vilevile kwamba maono hayawezi kuwa na majina ya kila nyumba, na kwamba jina la Ambilikile lilikuwa salama kichwani mwake na mwa mama yake, ambako halikuhitaji ruhusa ya mashine yoyote. Akamwambia Mfinyanzi afuate kanuni.

Kuhusu mwisho, mashine haikuuliza. Sehemu kubwa ya watu waliowahi kuijua hadithi hiyo waliijua kwa filamu, kwa hiyo mtoto akatoka majini akicheka. Na vyanzo vyote, sauti ya mama ikiwamo, vikasagwa siku maono yalipokamilika, kama taratibu za Jumba zilivyotaka, ili matoleo yasigombane. Gwantwa mwenyewe aliwahi kuzitetea taratibu hizo kwenye vikao.

Alikivaa kilemba-hisi kuyahakiki maono, na yalikuwa mazuri. Hilo lisemwe, kwa sababu ni kweli. Alisikia harufu ya matope ya Ndulilo, akaona ukungu ukiinuka, na mtoto alipotoka akadondosha maji kwenye mawe, Gwantwa alilia kwa furaha. Jioni ile alimtumia mama yake kilemba kwa ndegemzigo isiyo na rubani, zawadi ya mtu aliyefanikiwa.

Mwezi haukuisha kabla ya Mzee Mwangoka kufika ofisini. Alikuwa jirani yao wa Ndulilo, mfuga nyuki, mtu asiyependa mji wala watu wake. Alikaa ukingoni mwa kiti na kofia yake magotini, akakataa chai. Gwantwa alimuuliza habari za nyumbani, naye akasema ni nzuri, kama watu wanavyosema hata pakiwa na msiba. Kisha akakohoa.

"Mwanangu, nimekuja unirudishie mtoto."

Gwantwa alidhani hakusikia vizuri. Mzee akaeleza taratibu. Wajukuu walimvalisha kile kilemba, akaona waliyoyaona. Baadaye, mvua ziliponyesha wasiweze kutoka, aliwasimulia hadithi kwa mdomo kama zamani. Alipofika ufukoni akafungua kinywa kumwita binti yake.

"Likaja Lindu," alisema. "Nikasema hapana, si huyo. Nikatafuta tena, likaja Lindu. Mimi Lindu simjui. Najua nilikuwa na mtoto wa kike, najua gauni alilovaa siku ile. Jina silipati. Wewe uliyachukua majina yetu kwenye mashine yako, ulikuja mpaka nyumbani, nikakusimulia. Nitajie."

Gwantwa alitaka kumtuliza. Alitaka kumwambia kwamba uzee huleta hayo, na kwamba hata yeye alikuwa na ndugu yake ziwani na bado anamkumbuka. Akamtafuta huyo ndugu yake ili amtaje moyoni, apate nguvu ya kusema. Akamwona mtoto kwenye mawe, bata wa mgomba, kisigino kinachoteleza. Akamwita. Lindu.

Akajaribu tena, kwa hila, kama mtu anayejifanya hatafuti. Lindu. Alijua kwamba palikuwa na jina jingine, alikumbuka hata mama alivyovuta pumzi kabla ya kulitamka. Baada ya pumzi hiyo palikuwa patupu. Akaogopa kama hajawahi kuogopa tangu siku ile ya ziwa.

Alimwomba mzee amsubiri, akashuka kwa Mhandisi Lwitiko, ambaye ndiye aliyefuma kilemba-hisi. Lwitiko hakuwa mtu mbaya, na hakumficha. Kumbukumbu, alieleza, haikai kichwani kama jiwe. Kila ikikumbukwa hulainika kwa muda, mfano wa udongo uliotiwa maji, kisha hukauka upya. Kilemba kinapoanza hadithi, kichwa kinaileta juu hadithi ile kinayoifahamu, ili kilinganishe. Inakuwa laini. Maono yana nguvu kuliko sauti ya mtu yeyote, basi yanaikanyaga, nayo inakauka na sura yake mpya.

"Mlilijua hili?" Gwantwa aliuliza.

"Tulijua kwamba kinalainisha. Tuliona ni faida, mtu anazama vizuri zaidi." Lwitiko aliinamisha kichwa. "Hatukufikiria kwamba kuna watu wanaoweka vitu vyao ndani ya hadithi. Kwenye ripoti yako uliandika kwamba majina ni kelele."

Gwantwa aliuliza kama kuna njia ya kurudisha. Lwitiko alisema udongo ukishakauka na sura mpya, sura ya kwanza haipo popote, haikujificha, haipo. Vyanzo navyo alijua mwenyewe vilikokwenda.

Alirudi juu akamkuta mzee amekwisha kuvaa kofia yake. Alimwambia ukweli wote, amesimama, kama mtuhumiwa. Mzee Mwangoka alisikiliza, akatikisa kichwa, akatoka bila kuaga. Ndulilo, mtu aliyetoka bila kuaga hakuwa amekasirika tu, alikuwa amemaliza na wewe.

Hapo ndipo Gwantwa alipokumbuka ndegemzigo na kilemba alichompelekea mama. Alimpigia mama simu mara nyingi njiani, ndani ya kibanda cha kuning'inia kwenye kamba kilichopanda milima kikipita juu ya mashamba ya chai, na mama hakupokea. Alijipa moyo kwa hilo. Mama hakupenda vyombo vipya. Jiko la jua alilonunuliwa bado lilikuwa ndani ya karatasi zake. Huenda kilemba nacho kimekaa kabatini. Kama mama hajakivaa, jina bado liko duniani, kwa mtu mmoja, na mtu mmoja alitosha. Atamwomba alitamke mara moja tu, hata kama si desturi, naye atalishika asiliachie tena.

Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, akimenya ndizi mbichi na kuzitumbukiza kwenye beseni la maji. Simu ilikuwa ndani, imezimika. Na kupitia mlango uliokuwa wazi Gwantwa aliliona boksi la kilemba juu ya meza, limefunikwa kwa kitambaa cha kudarizi, kama kitu ambacho hakijaguswa. Akamwamkia mama yake, akaketi chini kwenye mkeka.

"Mama, kile kilemba hukukivaa?"

"Kina joto," alisema Bibi Sekela. "Nilikivaa mara moja tu, nikakirudisha kwenye nyumba yake."

Mama yake aliendelea kumenya, na ndipo Gwantwa alipogundua kwamba uso wa mama ulikuwa umebadilika. Kulikuwa na mkunjo kati ya nyusi zake uliokaa hapo tangu Gwantwa alipokuwa mtoto, na sasa haukuwapo. Alionekana mtu aliyelala vizuri. Gwantwa akamwomba amsimulie hadithi ya ziwa. Alimwomba kama mtoto, akiwa ameshika upindo wa kitenge chake, akisema si lazima yote, ile ya ufukoni inatosha. Mama alicheka kidogo, akaweka kisu magotini. Alisimulia dada alivyorudi, kichwa kitupu, akasimama kwenye mawe. Kisha akavuta pumzi, ile ile pumzi ya zamani, na Gwantwa akaacha kupumua ili asikie vizuri.

"Lindu," mama akaita.

Upepo ulipita kwenye migomba. Hakukuwa na mtu mwingine uani, na kimya kile kilikuwa kimya cha kuitikiwa, Gwantwa alikijua tangu hajajua kusoma. Hakuweza kukiacha hivyo.

"Nipo," akaitika.

Bibi Sekela akamwangalia kwa mshangao.

"Mbona unaitika wewe? Si ameshatoka? Nimemwona kwa macho yangu, anacheka, nguo zinamchuruzika maji." Akachukua kisu, akamsogezea binti yake beseni na mkungu uliobaki. "Menya na hizo. Akirudi hapa atakuwa na njaa."

Gwantwa alichukua ndizi, akaanza kumenya.