Garanti ya Papa Mwenze

Mathilde Masengo, jirani yetu hapa Kamina, ukimuuzia nyanya yenye doa, jua utaiona tena kesho yake, naye nyuma yake, mkono kiunoni. Sokoni wanamwita Kupe. Hakasiriki. "Haki yako usipoiomba," husema, "nani atakuletea ku nyumba?"

Kwa hiyo asubuhi ile alipokwenda kununua gari dogo la mizigo la kuleta samaki kutoka Bukama, hakutazama rangi wala matairi. Aliuliza garanti.

Muuzaji, Papa Mwenze, alikuwa na uwanja wake karibu na reli, ukuta mrefu na geti la bati. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini. Alisema anauza na kutengeneza mwenyewe. Mikono yake ilikuwa safi hadi kwenye kucha. Mathilde aliiona, akaisifu moyoni. Angepaswa kujiuliza ni fundi gani asiye na grisi.

"Garanti iko, mama," Mwenze akasema. "Kintu yoyote ikikufa, nitatengeneza. Nani njo ataendesha?"

"Bwana yangu. Huyu hapa."

Nday alicheka, akanyoosha mkono. Alikuwa ameendesha treni ujana wake wote, na baada ya kustaafu hakuna kitu kilichomkera kama kukaa kwenye kiti akitazama kuku. Mwenze alimshika ule mkono akakaa nao, muda mrefu kuliko adabu inavyotaka. Kisha akampa ufunguo.

Walifurahi sana, nisifiche. Wiki za mwanzo Mathilde alikuwa akikaa pembeni ya mumewe, kitambaa kipya kichwani, akiwapungia hata watu asiowajua.

Halafu baridi ya Juni ikaingia, na gari likakataa kuwaka asubuhi. Nday alitaka kulifungua mwenyewe. Mathilde akamkataza. Mtu ana garanti, kwa nini achafue mikono?

Wakalisukuma hadi kwa Mwenze. Akalitazama, hakuligusa.

"Nitengeneze?" akauliza.

"Tengeneza," Mathilde akasema. "Garanti iko garanti."

"Kesho, mwenye anaendesha njo akuye kulikamata. Haiko weye."

Kesho yake Nday akaenda mwenyewe kulichukua, gari likawaka kwa mguso mmoja. Lakini Nday, mtu aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo tangu Mathilde amjue, asubuhi iliyofuata hakuamka. Alimtikisa. Alimmwagia maji. Akafumbua macho jua likiwa utosini, akaomba radhi kama mgeni. Ikawa hivyo kila siku. Mathilde alisema ni uzee. Gari alilisifu.

Baada ya muda honi ikafa. Barabara ya Bukama bila honi ni kujitafutia msiba: baiskeli, mbuzi, watoto. Mathilde akarudi kwa Mwenze, safari hii na maneno makali, maana gari lililotengenezwa halikuwa na haki ya kuharibika tena.

"Nitengeneze?"

"Unaniuliza nini? Tengeneza!"

Honi ikapona. Usiku huohuo sauti ya Nday ikashuka. Kufikia Jumapili alikuwa mtu wa kunong'ona, yeye aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani. Hospitali walimwangalia koo, wakasema ni zima.

Émerence, mjane wa nyumba ya pili, ndiye aliyesema lililokuwa mbele ya macho ya wote. Alimvuta Mathilde nyuma ya jiko.

"Mama Sephora. Ile honi unaisikia muzuri?"

"Iko na nini?"

"Jana ililia. Miye nikaitika. Nikasema, ndiyo Papa Nday, ninakuya."

Mathilde alimcheka. Kisha akaingia ndani, akakaa kitandani. Kwa sababu yeye pia alikuwa ameitika.

Hata hivyo taa za gari zilipokufa alilirudisha. Msimlaumu haraka. Kodi ya nyumba, masomo ya binti yao Sephora kule Lubumbashi, chakula, vyote vilitoka kwenye lile gari. Alijiambia safari hii atafumbua macho. Alisema "tengeneza" kwa sauti ndogo, na kesho yake akatangulia kabla Nday hajaamka.

Geti lilikuwa wazi. Gari lilikuwa katikati ya uwanja, limefunikwa shuka jeupe. Mwenze alikuwa ameketi kando yake kwenye kigoda, kama watu wanavyolinda mgonjwa. Hapakuwa na spana. Hapakuwa na tone la mafuta chini. Mathilde aliinua pembe ya shuka. Tope la barabara ya Bukama lilikuwa limekauka kwenye ufa wa boneti, na halikuwa limevunjika mahali popote. Boneti haikuwa imefunguliwa.

Akawasha taa. Zikawaka.

Alikimbia nyumbani. Nday alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono mbele, akipapasa meza.

"Mama Sephora," akanong'ona. "Juu ya nini ulifunga madirisha?"

Madirisha yalikuwa wazi.

Hapo Mathilde alilia. Alilia kwa sauti hadi majirani wakadhani kuna msiba. Alikuwa amemuuza mumewe vipande vipande, na kila kipande alikipeleka mwenyewe, mkono kiunoni, akidai haki yake.

Alirudi uwanjani peke yake. Aliingia garini, akaliwasha kama alivyomwona Nday akifanya, alitoe kwa Mwenze, lakini kabla halijafika getini injini ikakohoa mara moja ikazima.

Mwenze akaja. Akaweka kiganja kwenye boneti.

"Moteur," akasema. "Nitengeneze?"

"Hapana!" Mathilde akapiga kelele. "Rudisha byote ulitoa ku mwili ya bwana yangu!"

"Mama, miye sikutoa kintu. Niliuliza. Ukasema tengeneza."

"Vunja basi. Macho yake irudi, sauti yake irudi."

"Ile iliingia haitoke." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei. "Lakini ukiliacha hivi, utabaki naye hivi. Garanti haina mwisho. Siku utasema, nitatengeneza."

"Sitasema."

Akaliacha gari palepale, akatia ufunguo mfukoni, akatembea kwa miguu hadi nyumbani, na njiani alikuwa karibu kufurahi. Bado alikuwa naye. Asiyeona, anayelala hadi mchana, anayenong'ona, lakini wake. Siku ile alimpikia bukari, ugali wetu wa huku, na samaki wabichi, akamtolea miiba mmoja mmoja. Akamwambia yote, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nday alisikiliza hadi mwisho. Akatafuta mkono wake juu ya meza, akaushika.

Tangu hapo Mathilde akawa anapanda treni ya Bukama siku ikipatikana, na isipopatikana analala stesheni juu ya vikapu vyake. Samaki wengine walioza. Mgongo ukaanza kumuuma, hata kuinama kuwasha mbabula, jiko la makaa, akawa anaguna. Alijitahidi kugunia nje. Lakini mtu aliyepoteza macho husikia sana.

Siku moja alirudi kutoka sokoni mchana, jua kali. Kiti cha Nday kilikuwa kitupu.

Émerence alikuwa anaanua nguo.

"Alibebwa na pikipiki ya taxi," akasema. "Alivaa veste yake ya reli. Nikamuuliza anaenda wapi. Akacheka tu."

Mathilde aliacha vikapu barabarani. Alikimbia. Watu walimpisha. Karibu na reli akasimama, kwa sababu aliisikia.

Injini.

Ilikuwa inanguruma taratibu. Nzuri. Nzima. Kisha honi ikalia, mara moja, bila haraka.

Hakuitika.

Geti lilikuwa wazi. Mwenze alikuwa amesimama mbali, mikono yake safi nyuma ya mgongo. Nday alikuwa ameketi kwenye usukani, kichwa kimeegemea kiti, uso umetulia. Mathilde akamgusa shavu. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Alikuya yeye mwenyewe," Mwenze akanong'ona. "Aliniuliza kama garanti ingaliko. Nikamuambia iko. Akasema: Mama Sephora amechoka, tengeneza."

Ufunguo haukuwa kwenye gari. Ulikuwa kwenye mfuko wa Mathilde.

Walimzika Nday kwa heshima, wafanyakazi wenzake wa reli wakabeba jeneza. Vijana wa mtaa walipokwenda kumtafuta Mwenze na mawe mikononi, walikuta uwanja mtupu na majani yamefika kiunoni, kama pasipowahi kukanyagwa na mtu. Ni gari pekee lililokuwa pale. Mathilde aliwaomba walisukume hadi kwake.

Hakulipanda hata siku moja. Lakini hakuliuza.

Mwaka jana shemeji zake walikuja. Padri alikuwa amebariki, petroli ilikuwa kwenye bidoni. Mkubwa wao, Kisimba, akasema kwanza watoe injini, ni chuma kizuri, kisha ganda lichomwe. Mathilde alikaa mlangoni hakuwazuia. Kisimba akainua boneti.

Wote wakainama kutazama.

Ndani hamkuwa na injini. Palikuwa na pengo, kutu, na utando wa buibui wa zamani. Na kutoka kwenye lile pengo joto likawapanda usoni, likaondoka, likarudi. Likaondoka. Likarudi. Kwa mwendo wa mtu aliyelala.

Kisimba akaishusha boneti polepole, kwa mikono miwili, asipige kelele. Walichukua bidoni yao wakaenda. Padri naye hakurudi kuuliza.

Hata sisi tulimwambia achome, ajipumzishe. Émerence alimwambia, mimi nilimwambia. Alitutazama kwa yale macho yake ya kudai haki, ila sasa hayamdai mtu yeyote.

"Na kama nikichoma," akauliza, "ataumia?"

Tuliaga, tukaenda zetu.

Kila asubuhi hukaa kando ya gari na chai yake, akilihadithia habari za soko. Wakati mwingine huweka viganja juu ya boneti, kisha huviondoa upesi, kwa sababu anaogopa. Anaogopa sana, na kesho yake anaviweka tena. Pita hapo mwezi wa Juni kabla jua halijatoka, ujionee mwenyewe. Umande umelowesha bati zote za mtaa, majani, kuta, hata kamba za nguo. Juu ya lile gari haushiki.