Uso wa Mfano

Kisomangozi kilisimama langoni mwa Soko Jipya la Tanga mithili ya fremu ya mlango isiyo na nyumba, na kila aliyetaka kuingia alipita katikati yake akiwa amenyanyua mikono. Macho madogo yaliyopangwa ndani ya fremu yalimsoma kuanzia utosini hadi kisiginoni kabla hajapepesa. Taa ya kijani, pita. Taa nyekundu, rudi kwako na ugonjwa wako. Na kwa wachache waliojaliwa iliwaka taa ya dhahabu, na sauti nyororo ikasema, "Hongera. Ngozi yako ni ya mfano." Watu wazima, wenye akili zao na wajukuu wao, walikuwa wakirudi nyuma na kupita tena ili wapigwe picha na taa hiyo.

Dakta Hamza Shemweta, aliyekibuni, alikuwa pembeni na wageni wa wizara, kifua mbele. Kesho yake waziri angekizindua kwa nchi nzima.

Ndipo alipopita Bi Pili, muuza supu, mwenye mabaka meupe viganjani na shingoni. Taa nyekundu.

"Daktari, hii barasi," alisema Bi Pili. "Wewe mwenyewe uliniambia, kabla hujapata hilo limashine lako, kwamba haimwambukizi mtu. Au siku hizi imeanza?"

"Haijaanza, mama."

"Basi mwambie mwenzio."

Wageni walicheka. Hamza hakucheka. "Chombo hakibishani na mtu, mama. Wateja wanataka kupakuliwa na mikono wasiyoiogopa. Tupishe."

Bi Pili alibeba ndoo yake ya supu, akamsonya msonyo mrefu uliosikika mpaka kwenye mabanda ya viazi, akaondoka zake.

Hivyo ndivyo alivyokuwa bingwa wetu wa ngozi. Miaka mingi ilipita bila yeye kumgusa mgonjwa hata mmoja. Madaktari waliopapasa, waliobonyeza, waliomwinamia mtu na kumuuliza "hapa unasikiaje?" aliwaita wakandaji. Chuoni aliwaambia wanafunzi wake kwamba vidole kazi yake ni kumega ugali, na wanafunzi, kwa kuwa mtihani alitunga yeye, walicheka sana.

Na jiji nalo lilimfaa. Tanga ya miaka hiyo ilikuwa imepumbazwa na ulaini. Mwajiri aliuliza rangi ya taa yako kabla ya kuuliza unajua kazi gani. Posa zilivunjika kwa sababu ya chunusi. Wanawake walinyoa nyusi zote na kuzichora upya kwa wanja, kwa sababu fulani alisema unywele usoni unaizuia taa ya dhahabu, na hakuna aliyejisumbua kuuliza huyo fulani ni nani.

Aliye juu ya wote alikuwa Mwanahawa, mke wa Hamza. Miaka miwili iliyopita makunyanzi yake yalianza kufutika yenyewe. Uso ulijaa, ukang'aa, ukawa kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nyusi zake zilipukutika, naye akafurahi kwamba ameokoa wembe. Kila alipopita kwenye Kisomangozi taa ya dhahabu iliwaka, na wizara ikamteua kuwa Uso wa Mfano. Picha yake ilibandikwa kwenye kila kituo cha afya. Hamza aliitazama kwa fahari ya mtu aliyemtengeneza mkewe kwa mikono yake, ile mikono asiyoitumia.

Asubuhi ya uzinduzi Mwanahawa aliamua kupika chapati kabla gari la wizara halijafika. Hamza alikuwa sebuleni akiikariri hotuba yake mbele ya kioo, akifika kila mara pale pa kupigiwa makofi na kuyangoja.

"Baba Salha," Mwanahawa aliita kutoka jikoni, "huko kwako kuna kitu kinaungua?"

"Hakuna."

"Mbona nasikia harufu kama ya nyama? Na mimi sijabandika nyama."

Hamza aliingia jikoni kwa hasira ya kukatishwa hotuba. Mwanahawa alikuwa amemgeukia, uso mtulivu, pua ikinusa huku na huku. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeikandamiza chapati kikaangoni, kama wapishi wote wanavyoigeuza kwa ncha za vidole, ila wapishi wote huondoa vidole. Vyake vilikuwa bado chini, juu ya chuma. Moshi ulitoka hapo.

Alimvuta mkono. Ngozi ya vidole vitatu ilibaki kikaangoni.

"Haa!" alisema Mwanahawa, akivitazama vidole kana kwamba ni vya jirani. "Ni mimi?"

Na bingwa wetu akafanya nini? Alimkokota mkewe hadi kwenye Kisomangozi cha nyumbani, akamsimamisha katikati. Chombo kilisoma. Kilitaja jeraha dogo la moto, kikashauri maji ya baridi, kisha taa ya dhahabu ikawaka. "Hongera. Ngozi yako ni ya mfano."

Hamza alisimama mbele ya taa ile mdomo wazi, na hapo ndipo zilipomrudia akilini picha fulani alizowahi kuzicheka.

Wakati anakifundisha chombo kutofautisha wagonjwa na wazima, aliletewa picha za zamani zenye maelezo ya madaktari waliokwisha kufa. Chache zilikuwa za watu wenye ngozi nyororo, inayong'aa, isiyo na baka wala kovu, ila nyusi tu hazikuwapo. Maelezo yalisema ni ukoma wa namna ya nadra, usiotoa mabaka wala vinundu. Unaenea ngozi nzima kwa usawa, unaivimbisha na kuifuta makunyanzi, huku chini kwa chini ukila mishipa ya fahamu. Waliandika kwamba hautambuliki kwa macho. Utambue kwa kugusa. Hamza alicheka siku ile. "Huyu naye mgonjwa? Wakandaji hawa!" Akazihamishia picha zote kwenye fungu la wazima, tena kileleni. Kutoka kwenye nyuso zile chombo kilijifunza uzuri ni nini.

Ukoma una dawa, na dawa ingemponya mkewe. Lakini mishipa iliyokwisha kufa haifufuliwi na dawa. Kila siku aliyoipitisha akiisifia ngozi ile ilikuwa imemla Mwanahawa kidole, kiganja, kisha sijui nini. Wangapi wengine walipiga picha na taa ya dhahabu wakarudi nyumbani wakicheka?

Alimfunga kitambaa mkononi. Kisha akatoa pamba kabatini na kuisokota ncha kama alivyofundishwa ujanani. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutojua amguse mkewe wapi kwanza.

"Kaa hapa," alisema. "Fumba macho. Kila nikikugusa, sema 'hapo'."

"Sasa hivi? Na waziri?"

"Fumba macho, mama Salha. Nakuomba."

Alifumba. Hamza aligusa mgongo wa mkono wake mzima. Akagusa kifundo cha mkono. Akapiga magoti, akagusa unyayo, kisha mguu wa pili. Akanyanyuka, akagusa ncha ya sikio. Akaipitisha pamba taratibu juu ya shavu, lile shavu lililobandikwa kwenye kila kituo cha afya nchini, akairudisha, akaipitisha tena. Nje gari la wizara lilipiga honi.

Mwanahawa alikuwa ametulia, macho amefumba, akitabasamu kidogo kama mtu anayefanyiwa mchezo.

"Anza basi, baba Salha," alisema. "Gari linatungoja."