Mchumba Wangu Alijibu "Nimepokea" kwa Jina Langu

"Araba ndiye aliyemuua yule mama!"

Aliyesema hivyo ni Ebo. Ebo mchumba wangu jamani! Jumamosi ya wiki ile ile alikuwa anakuja kwetu kunioa, gauni langu la harusi la kitambaa cha kente limeshatoka kwa fundi...

Alisimama kikaoni, mbele ya bosi wetu Bi. Dadzie, akaninyooshea kidole kama hanijui.

Ngojeni niwaeleze, msije mkanihukumu kama wenzangu wa ofisini.

Kampuni yetu hapa Accra inapeleka damu hospitalini kwa pikipiki. Kuna programu inayopokea maombi ya hospitali, na nyingine inayowagawia kazi madereva. Mimi ndiye niliyetengeneza kiunganishi, kile kipande kinachobeba ujumbe kutoka programu hii kwenda ile.

Sheria yangu ilikuwa moja tu: ombi halifutwi mpaka dereva mwenyewe akubali safari. Asipokubali, linarudi kwenye foleni, anatafutwa mwingine.

Kuna mtu akaigeuza! Kiunganishi kikawa kinajibu "nimepokea" ombi likifika tu, hata dereva hajaliona. Siku moja programu ya madereva ikazimika kidogo, ikawaka tena. Ombi lililokuwa ndani likapotea, na kwenye foleni lilishafutwa.

Lilikuwa ombi la mama aliyekuwa anatokwa damu baada ya kujifungua.

Damu haikwenda. Mama akafa.

Na mabadiliko yale yaliingizwa Jumapili, kwa jina langu.

"Lakini Jumapili nilikuwa Winneba, msibani kwa bibi!" nikapayuka. "Kompyuta nilimwachia..."

Nilimwachia Ebo. Na nywila yangu anayo, aliiomba nikampa, maana nilishajiona mke. Upumbavu gani huu!

"Araba, nenda nyumbani," Bi. Dadzie akasema. "Tutakuita."

Nikamvizia Ebo kwenye maegesho.

"Ni wewe!"

"Punguza sauti."

"Kwa nini, Ebo?"

"Wafadhili walikuwa wanakuja. Maombi yamerundikana, skrini nyekundu tupu. Nilitaka foleni ifutike, waone kijani, basi."

"Kwa jina langu?"

"Mpenzi, mimi ndiye kiongozi wa timu. Nikifukuzwa mimi, harusi hakuna. Ukifukuzwa wewe, nitakulisha. Sasa tatizo liko wapi?"

Nitakulisha!... Kama kuku wa banda.

"Basi rudisha ile sheria. Leo!"

"Bosi nimeshamwambia imerekebishwa. Wafadhili wakiondoka Jumatatu, nitairudisha kimyakimya."

"Ebo, mtu mwingine atakufa!"

"Acha uchuro."

Nikampigia Bi. Dadzie, hakupokea. Nikamwandikia, kimya. Nani amsikilize muuaji? Na mimi nilishafungiwa nje ya mfumo, siwezi kugusa kitu.

Jumamosi ikafika, na nyumbani sijathubutu kusema neno.

Kwetu familia ya mume huja na chupa za kinywaji kikali, na baba humuuliza binti mara tatu kama vipokewe. Ukiitikia mara tatu, umeolewa. Binti wa kukataa mbele za watu sikuwahi kumwona.

Bi. Dadzie alikaa mbele kabisa, mgeni rasmi wa Ebo.

"Araba, binti yangu, tuvipokee?"

"Ndiyo, baba." Ni woga tu uliojibu. Shangazi zangu wakapiga vigelegele.

"Nauliza tena. Tuvipokee?"

Nikamtazama Ebo. Anatabasamu, anageuza shingo apigwe picha vizuri! Nikawaza, kuna mwanamke yuko leba saa hii hii, na skrini ni ya kijani.

"Araba?"

"Hapana, baba."

Weeee! Watu wakashika vichwa. Nikasema yote, machozi na wanja vimechanganyika.

Ebo akacheka. "Jamani, amechanganyikiwa. Kaua kazini, sasa anatafuta wa kumbebesha."

"Basi mwonyeshe bosi kwamba sheria imerudi! Simu unayo mkononi. Fungua mfumo!"

Ebo hakufungua.

"Ebo," Bi. Dadzie akasema taratibu. "Fungua nione."

Akainamisha kichwa...

Bi. Dadzie akatoka uani mbio, simu sikioni, anawafokea mafundi. Sheria ikarudishwa kabla wali haujapakuliwa.

Nikadhani yameisha. Kumbe!

Mama yake Ebo akasimama. Nilijua ni mkunga. Nisichokijua ni kwamba zamu aliyofia yule mama ilikuwa yake.

"Ebo," akaita, sauti haipandi wala haishuki. "Yule mama aliitwa Mansa. Alinishika mkono, akaniuliza, 'Mama, damu inakuja kweli?' Nikamwambia inakuja, mwanangu anafanya kazi kule."

"Mama, nisikilize..."

"Nikusikilize nini? Mimi nilimwapia kwa jina lako."

Akaziokota zile chupa moja moja, akazirudisha kwenye kapu. Akamgeukia baba yangu, akapiga goti, akamwomba radhi. Kisha akawaambia watu wake, "Twendeni."

Kazini nimerudishwa. Ebo kafukuzwa. Watu wananipongeza, eti nimeshinda. Nimeshinda nini? Mansa ameacha kichanga, na mimi usiku nasikia sauti ya mama mkwe niliyemkosa.

Dada zangu, nywila si zawadi ya uchumba. Mtu akikupenda kweli hataiomba.

Na wewe unayesoma hapa: mtu akikutegemea, usimjibu "nimepokea" ili tu akuache upumue. Mwenzio atakaa pale akisubiri, hatatafuta msaada kwingine, kwa sababu amekuamini.